Hasimu Wangu Mniachie

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukichungulia dirishani ukadhani umeiona, rudi ukae, utakuwa umechoka tu. Mimi mwenyewe, Pazi, Mshika Mwavuli Mkuu wa Nyumba ya Kilimani, nimeishi humo maisha yangu yote, na watu wa serikali wamenihakikishia kwamba haipo. Mimi si mtu wa kubishana na serikali.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo mlikuwa na nyumba mbili za kifalme, Kilimani na Bondeni, na nyumba hizo zilikuwa vitani. Chanzo cha vita hakuna aliyekikumbuka. Wengine walisema ni ng'ombe, wengine walisema ni mwanamke, na Wizara ya Uadui ilisema ni siri ya taifa. Zamani watu walipigana kwa mapanga, wakafa, mpaka waliobaki wakawa wachache mno kuwapigia viongozi makofi. Ndipo wakubwa wa pande zote mbili walipokutana, wakala pilau, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo vita vitapiganwa kwa mdomo.

Utaratibu ulikuwa huu. Mtoto akizaliwa Kilimani, anapewa hasimu wake kutoka Bondeni, wa cheo chake: mwana wa mfalme kwa mwana wa mfalme, mwoka mikate kwa mwoka mikate, mkunga kwa mkunga. Kila Jumamosi asubuhi watu wanakwenda kwenye ua wa minyaa unaozitenganisha pande mbili, kila mmoja anasimama mkabala na hasimu wake, anamtukana mpaka adhuhuri, kisha anarudi nyumbani kula. Hasimu ni mmoja tu, mpaka kifo. Kumtukana hasimu wa mwenzio lilikuwa kosa baya kuliko wizi, na mwenye tabia hiyo aliitwa mchepukaji. Na nje ya Jumamosi, nje ya matusi, mtu wa Kilimani na mtu wa Bondeni hawakuruhusiwa hata kutazamana.

Hasimu wangu mimi alikuwa Faki, mshika mwavuli wa Bondeni. Nilimtungia matusi mazuri, yenye vina, nikamsomea kwa sauti. Alipiga miayo. Kila Jumamosi mimi nasoma, yeye anapiga miayo. Sisemi kwamba iliniuma, kwa sababu mimi sina wivu hata chembe. Nasema tu kwamba mwoka mikate wetu, mtu ambaye hata kunawa hanawi, alikuwa na hasimu anayemtukana mpaka sauti inakauka, na mkewe alikuwa akitembea mtaani anajivuna.

*

Jambo moja kuhusu damu ya kifalme mlijue mapema. Watu wa nyumba hizo mbili wakishikwa na wivu, hutoka moshi kichwani. Ni moshi hasa, unaanzia utosini kama mvuke wa chungu, na wivu ukizidi unanuka nywele zilizoungua.

Mfalme wetu wa Kilimani aliposikia kwamba Malkia wa Bondeni ametengenezewa kiti cha enzi chenye magurudumu, alitoa moshi tangu asubuhi mpaka alasiri, na nguo zilizoanikwa mjini zikaingia masizi. Waziri wa Uadui, Mheshimiwa Gogota, alitoka kuwatuliza wananchi.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu zangu, moshi mnaouona ni moshi wa viwanda. Viwanda vyenyewe tutavijenga baadaye. Ni serikali gani nyingine mnayoijua iliyotanguliza moshi?"

Tulipiga makofi. Vijana walipanga foleni kuomba kazi katika viwanda hivyo, na foleni hiyo ipo mpaka leo, ina mwenyekiti na katibu.

Huyu Gogota, nisisahau, alikuwa Waziri wa Uadui wa pande zote mbili. Wakubwa waliona kwamba chuki ikisimamiwa na watu tofauti inaweza kuingiliwa na fujo. Kilimani alipewa nyumba na gari, Bondeni alipewa nyumba na gari, na akipita ua wa minyaa alikuwa anabadilisha kofia tu.

*

Binti wa mfalme wetu aliitwa Mwatabu. Hasimu wake wa kuzaliwa alikuwa Sudi, mwana wa Malkia wa Bondeni. Hao ndio walikuwa fahari ya vita vyetu. Wakipanda majukwaani, huyu upande huu wa minyaa na yule upande ule, watu wengine walikatiza matusi yao wenyewe ili wawasikilize. Mimi nilikuwa nyuma ya binti na mwavuli, kwa hiyo sikukosa neno.

"Wewe Sudi!" Mwatabu angeanza. "Umenyoa upande mmoja ukachoka? Na hiyo nyusi unainua moja tu, nani kakudanganya inakupendeza? Jumamosi iliyopita ulikuwa na kikohozi, leo huna. Ulikunywa nini? Nani alikukanda?"

"Kikohozi changu kinakuhusu nini?" Sudi angejibu, ameshika reli ya jukwaa kwa mikono miwili. "Jitazame wewe! Ukicheka unaziba mdomo kwa kanga utadhani meno umeyaiba. Meno yenyewe mazuri, unamfichia nani? Mchoyo mkubwa!"

"Mchoyo babu yako! Na hilo shavu la kushoto lina kishimo, la kulia halina. Hata kuumbwa ulishindwa kusubiri umaliziwe!"

"Na wewe ukikasirika mguu unachezacheza. Hapo hapo unacheza! Mtu mzima mguu unacheza!"

Vigelegele vilipanda pande zote mbili. Mheshimiwa Gogota alikuwa akifuta machozi, akisema hii ni chuki ya kiwango cha kimataifa. Wageni waliletwa kuitazama, wakapewa maji ya chupa.

Mimi niliona vitu vidogo vidogo, lakini sikuvielewa, maana kazi yangu ni mwavuli. Niliona kwamba binti alianza kujiandaa Alhamisi. Alijisinga kwa liwa, akafukiza nguo udi, akapaka hina mpaka kwenye vifundo. Nikamuuliza, "Bibie, hina ya kwenda kutukana?"

"Mjomba Pazi, unataka adui anikute nimechujuka? Si atadhani ameshinda."

Nikaona ni mbinu ya kivita, nikamwongezea makaa ya udi.

*

Sasa kulikuwa na Lulua, binti wa shangazi yake Mwatabu, mwanamke mzuri wa sura na mwenye kuutunza vizuri uzuri wake. Lulua alikuwa mjane wa uadui. Hasimu wake, bwana mmoja mkubwa wa Bondeni, alikuwa amekufa kwa kukwamwa na mwiba wa samaki, na kwa sheria zetu mjane wa namna hiyo hukaa eda: hatukani, hatukanwi, anavaa nguo zisizo na rangi na kusubiri apewe mwingine. Kila Jumamosi Lulua alikuja uani, akakaa mbele kabisa. Alisema anaangalia tu.

Jumamosi moja, watu wakitawanyika, upepo uliupeperusha mtandio wake ukanasa kwenye minyaa. Sudi alikuwa anapita upande wa pili. Lulua akauvuta mtandio, tawi likamrukia Sudi kifuani. Sudi akamwambia, "Macho huna?" Akaenda zake.

Ni hayo tu. Mimi nilikuwepo. Lakini mlinzi wa ua alipomweleza mpishi, Sudi alikuwa amesimama. Mpishi alipomweleza mshona nguo, Sudi alikuwa amesimama na kurudi nyuma. Ilipofika barazani kwa kina mama, Sudi alikuwa amemtukana Lulua toka unywele mpaka ukucha, kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Lulua mwenyewe hakukanusha. Alikaa akijipepea, akisema, "Jamani niacheni, mtu ametukanwa kidogo tu."

Binti aliniita chumbani.

"Mjomba Pazi, wewe ulikuwepo. Kamwambiaje?"

"Bibie, alisema 'macho huna', basi."

"Macho?" Alisimama. "Kayatazama macho yake?"

"Bibie, mtu akisema huna macho, maana yake..."

"Maana yake kayatafuta!"

Hapo niliona moshi. Ulianza mwembamba pale njia ya nywele inapogawanyika, kisha ukanenepa, na kwa kuwa nilikuwa nimefungua mwavuli kwa mazoea, mwavuli ukatoboka katikati tundu la ukubwa wa sahani.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kanitukana nywele, kanitukana meno, kanitukana mguu. Macho hajayagusa hata siku moja. Nikajiambia anayawekea siku kubwa. Kumbe anamwekea Lulua!"

Nilitaka kumwambia kwamba wengine tuna mahasimu ambao hawajatukana hata kope zetu. Lakini si mahali pangu, na nimeshasema sina wivu.

*

Jumamosi iliyofuata binti alipanda jukwaani amenyooka, kichwa wazi. Sudi alikuwa ameshafika. Alikuwa na tusi mdomoni, ungemwona tu ungejua ni jipya, ana hamu ya kulitoa.

Mwatabu akasema, "Habari za asubuhi, bwana. Natumaini nyumbani hawajambo."

Mama mmoja aliwaziba watoto wake masikio. Mzee aliyekuwa amepigana enzi za mapanga alikaa chini.

"Mwatabu," Sudi alisema. "Nimekukosea nini?"

"Hujakosea kitu, bwana. Wewe ni mtu mwema."

"Mwema? Mbele za watu wote hawa?"

"Na una adabu," alisema Mwatabu, na Sudi akarudi nyuma kama aliyesukumwa.

Kisha binti akafanya jambo ambalo hata leo sijamsamehe. Aligeuza uso, akamtazama Faki, aliyekuwa nyuma ya Sudi na mwavuli. Faki, hasimu wangu mimi! Akamwambia, "Na wewe, mwavuli unaushika kama umeshika kuku wa kuazima! Hilo tumbo umelitanguliza likakutafutie kiti? Ndevu zako zinaonekana zimeota kwa kukosa kazi!"

Nikasema moyoni, haidhuru, Faki atapiga miayo. Faki hakupiga miayo. Alijiweka sawa, akakohoa kidogo, akasema, "Afadhali mimi nimeshika mwavuli wangu, bibie. Wewe hasira uliyoishika ni ya mtu mwingine, na hujui pa kuiweka."

Maneno matamu namna hiyo! Kumbe alikuwa nayo! Alikuwa nayo siku zote, ameyafungia, mimi nikisoma vina vyangu pale mpaka koo linauma, na leo anayatoa kwa mwanamke ambaye hata si wake. Kama ningekuwa na damu ya kifalme mngeniona kutoka mji wa pili.

Lakini aliyeonekana ni Sudi. Moshi ulimtoka wote kwa pamoja, mwingi, mweusi, kofia yake ya viua ikaanza kuungua kwenye ukingo.

"Faki, funga mdomo!" alipiga kelele. "Huyo ni wangu!"

Alisahau kuongeza neno "hasimu". Watu walilisubiri, halikuja. Na Mwatabu, aliposikia, alishika kifua, na moshi wake yeye, uliokuwa haujazimika tangu asubuhi, ukapanda ukakutana na ule wa Sudi juu ya minyaa, ikawa moshi mmoja. Hakuna mtu anayemwonea wivu hasimu wake kiasi hicho kwa chuki. Hata mwoka mikate alielewa.

Mheshimiwa Gogota alipanda akatangaza kwamba ule ulikuwa ukungu wa msimu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, hatukumpigia makofi.

*

Kamati Teule ya Pamoja ilikutana siku hiyo hiyo. Nilikuwemo kwa sababu paa la ukumbi lilivuja, ukarabati wake ukiwa bado kwenye mchakato, na Mheshimiwa Mwenyekiti alihitaji mwavuli. Mfalme na Malkia walikaa pamoja mwisho wa meza, wakinywa kahawa kutoka buli moja. Wale wawili walikuwa na kinyozi mmoja, mshonaji mmoja na shamba moja la mapumziko, lakini kwa niaba yetu walichukiana sana.

Gogota alisimama. "Kipekee kabisa nichukue fursa hii kusema kwamba taifa liko hatarini. Vijana wetu wamependana. Leo wawili, kesho wanne. Watu watasalimiana. Ua utafyekwa. Ikija amani, waheshimiwa, mimi nitakuwa Waziri wa nini?"

Kila mmoja alianza kujiuliza kuhusu cheo chake.

Waliamua hivi. Sudi angenyang'anywa hasimu wake na kupewa Lulua, ambaye eda yake ingekatishwa kwa maslahi ya umma. Mwatabu angekaa bila hasimu mpaka atafutiwe mwingine kutoka nje ya nchi. Jumamosi ifuatayo ingefanyika sherehe ya makabidhiano. Mwatabu angesimama jukwaani kichwa wazi, amwone Sudi akimtukana Lulua tusi la kwanza, na baada ya hapo asingeruhusiwa tena kuukaribia ua wa minyaa maisha yake yote.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Alikuwa anasuka nywele. Hakulia.

"Kwa hiyo nitamwona mara moja tu, basi?"

"Mara moja, bibie."

"Na mara hiyo moja, atakuwa anamtukana Lulua."

"Ndiyo, bibie."

Aliacha kusuka. "Kufukuzwa uani nitavumilia, mjomba. Ninachoogopa ni kwamba atamtukana vizuri."

Nilimwonea huruma, nasema wazi. Mtu anayejua mguu wako ukicheza, ukimpoteza, nani mwingine atautazama?

*

Siku ya makabidhiano Lulua alikuja amevaa hariri nyekundu, amejitia manukato mpaka nyuki wakamfuata. Alipanda jukwaa la Mwatabu, akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akasimama mahali pake. Mwatabu alisimama hatua chache nyuma. Nikasogea karibu yake na mwavuli wangu wenye tundu.

Sudi alipanda. Alimtazama Lulua. Alifikiri sana.

"Mbwa wewe," alisema.

Watu wakasubiri.

"Tumbili," aliongeza. Akamtazama Waziri kuona kama inatosha. Waziri akamwonyesha kwa mkono aendelee. "Unanuka."

"Ninanuka nini?" Lulua aliuliza, akijisogeza mbele.

"Unanuka tu."

"Nini hasa? Sema kitu!"

"Vitu vinavyonuka," alisema Sudi.

"Nitazame basi!" Lulua alinyoosha mkono juu ya minyaa. "Hiki kidole changu kimepinda tangu utotoni, kila mtu anakisema!"

Sudi alikitazama kidole kwa heshima. "Mbona kizuri tu," alisema, na macho yakampita Lulua, yakamwendea aliyekuwa nyuma yake, yakabaki huko.

Nilimtazama Mwatabu utosini. Hakukuwa na kitu. Nywele zilikuwa zinang'aa mafuta tu, hapakuwa hata na kamoshi ka mshumaa. Mtu aliyewahi kuona meno na kanga na mguu unaochezacheza alikuwa amesimama mbele ya mwanamke mzuri kuliko wote Kilimani, na hakuona chochote. Binti alicheka, na siku hiyo hakuziba mdomo.

Aliyetoa moshi ni Lulua, maana naye ni wa damu. "Sijawahi kudharauliwa namna hii!" alilia. "Marehemu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa analijua kila kovu la ndui usoni kwangu! Huyu bwana hata hanioni!" Akashuka jukwaani, manukato na moshi vikimfuata, akarudi edani kwa hiari yake.

Watu walizomea. Jumamosi iliyofuata walikuja nusu. Ile nyingine walikuja wauza karanga peke yao. Mwoka mikate wetu na hasimu wake walikutwa wamekaa kila mmoja upande wake wa minyaa wakiulizana habari za unga, kwa sauti za kawaida, bila aibu.

*

Kamati ilikutana tena kwa dharura. Mvua ilikuwa inanyesha ndani kuliko nje.

"Tumewatenganisha, vita vinakufa kwa uchovu," alisema Mfalme. "Tukiwarudisha uani, watapendana hadharani. Tufanyeje?"

Gogota aliivua kofia yake, akaiweka mezani. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeumwa na kitu zamani, "Waheshimiwa, sisi sote humu ndani tumeoa au tumeolewa."

Wajumbe kadhaa walizungusha pete vidoleni.

"Mimi mke wangu nilimpenda. Niliruka ukuta wenye vigae vya chupa kwa ajili yake, kovu ninalo. Nilikuwa namwimbia dirishani. Leo asubuhi tumegombana kuhusu kifuniko cha sufuria mpaka majirani wakaja. Waheshimiwa, tunahangaika kuwatenganisha hawa watoto wapate kuchukiana. Wapi duniani watu walichukiana wakiwa mbali? Waozesheni! Wapewe jiko moja, kitanda kimoja, sufuria moja. Naihakikishia kamati hii vita vya kudumu."

Mjumbe mmoja alilia. Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa uzoefu. Azimio la kuwaozesha kwa ajili ya usalama wa taifa lilipita kwa sauti moja, na Malkia akamtazama Mfalme kwa namna ambayo ilinifanya niuangalie mwavuli wangu.

Walijengewa nyumba juu ya mpaka wenyewe, ua wa minyaa ukapita katikati ya sebule ili kila mmoja akae upande wake. Siku ya harusi waliagizwa waonekane wenye huzuni. Walijitahidi. Sudi alimwinamia bibi harusi, mimi nikiwa hapo hapo na mwavuli mpya wa serikali, akamnong'oneza, "Hayo macho yako nimeyaogopa miaka yote. Nilidhani nikianza kuyatukana sitajua pa kuishia." Mwatabu akamwambia, "Nyamaza, mjinga wewe, kilemba chako kimepinda," akamnyooshea.

*

Wizara ilituma wakaguzi wakae chini ya madirisha. Walileta habari njema. Matusi yalianza alfajiri: umemwaga chai tena, umelala katikati ya kitanda kama mwenye nyumba, nani kakufundisha kukata kitunguu namna hii, lete nikushike kisu. Vita vilikuwa vya kila siku, hata sikukuu. Gogota alivikwa nishani pande zote mbili.

Balaa ni kwamba wananchi waliingiwa na kijicho. Kwa nini wakubwa tu wapewe maadui wa ndani? Sisi wengine tuhangaike na jua la Jumamosi? Mkunga wa Bondeni aliomba ahamie jirani na mkunga wa Kilimani ili amchukie vizuri zaidi. Mwoka mikate alimposea mwanawe binti wa hasimu wake, akisema anataka uadui ubaki katika familia. Wizara ingewakataliaje? Chuki ni haki ya kila raia, Gogota mwenyewe alikuwa amesema hivyo kwenye hotuba. Kila aliyejenga alifyeka kipande cha minyaa apate kiwanja. Hata mimi niliomba nyumba karibu na Faki. Nilijibiwa kwamba Faki hakuafiki.

Mwatabu alijifungua mtoto wa kiume. Kwa utaratibu wetu ilibidi apewe hasimu, na Wizara ikaanza mchakato, wadau wakashirikishwa, makongamano yakafanyika, kwa hiyo Mheshimiwa Gogota alipofika rasmi na ujumbe wake mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa.

Tulimkuta mtoto amelala kifuani kwa Sudi, ameshika ndevu zake kwa ngumi. Mwatabu alikuwa amekaa pembeni, na utosini kwake palikuwa na moshi mwembamba.

"Kutwa nzima nimembeba mimi," aliniambia kwa hasira ya chini, asije akamwamsha. "Nimemwimbia, nimemlisha. Anakuja huyu jioni na kishimo chake, mtoto analala kwake!"

Gogota aliuona ule moshi, akafurahi, akasema vita vinakwenda vizuri. Akajisafisha koo.

"Itifaki imezingatiwa. Mtoto huyu ni wa upande gani?"

"Alizaliwa hapa sebuleni," alisema Sudi.

"Huku au huku?" Waziri alitazama sakafu. "Ua uko wapi?"

"Tuliung'oa," alisema Mwatabu. "Utomvu wa minyaa unapofua macho, na mtoto anatambaa. Tungefanyaje?"

Waziri alitazama sakafu tena, kisha dirishani. Nje kulikuwa na nyumba, kamba za nguo, majiko, mwoka mikate na mkwewe wakigombania gunia. Hakukuwa na minyaa hata kijiti.

"Hasimu wa mtoto lazima atoke upande wa pili," alisema. "Ndiyo sheria. Upande wa pili uko wapi?"

Sudi alimfunika mtoto shuka. Mheshimiwa akatoka nje kwenda kuutafuta mwenyewe, akaizunguka nyumba ile, akaizunguka tena, kofia zake mbili mkononi, jua likimchoma kichwani. Mimi nikamfuata nyuma na mwavuli.